Kudumu kwa Muda Gani?

Kiswahili kina maneno mengi ya kutaja kisichokwisha: milele, daima, abadi, dawamu, dahari, azali, siku zote, na ukoo mzima wa kitenzi -dumu. Anayefungua kamusi kutafuta tofauti zao huzungushwa kama mgeni aliyepotea katika vichochoro vya Mji Mkongwe: milele inamwelekeza kwenye daima, daima kwenye siku zote, na siku zote zinamrudisha kwenye milele alikotoka. Mzunguko huo ndio uliozaa hoja inayojadiliwa hapa, kwamba maneno haya ni neno moja lililovaa kanzu mbalimbali, na mwandishi huchagua ile inayompendeza masikioni. Wanaoyatumia kazini kila siku, msikitini, kanisani, mahakamani na kliniki, hawaikubali hoja hiyo. Wao kwa wao pia hawapatani.

Wa kwanza kusema ni mtunga kamusi, kwa kuwa ndiye mshtakiwa. Utetezi wake ni wa nasaba. Daima, anasema, ni neno la Kiarabu, na mzizi wake wa d-w-m ndio uliotoa -dumu na dawamu pia: maneno matatu ya tumbo moja, ambayo ni shida kuyaambia yaishi nyumba tofauti. Abadi, azali na dahari nayo yalivuka bahari ile ile. Milele ndiyo isiyo na sura ya Kiarabu. Wapo wanaoiona -le yake kuwa ndiyo ya kale, silabi ya umbali wa wakati, na wapo wanaosema kufanana kwa silabi moja si ushahidi wa undugu. Kwa vyovyote, anasema mtunga kamusi, wasemaji waliyapokea maneno ya baharini, wakayakalisha kando ya neno la nyumbani na kuyapa kazi moja. Kamusi huandika kinachosemwa, basi.

Anaongeza ushahidi wa washairi. Shairi la arudhi linadai vina, na lugha yenye visawe vingi vya kutokwisha ni neema kwa mtunzi: akihitaji kina cha -ma anayo daima, cha -mu anayo dawamu, cha -ri anayo dahari, cha -di anayo abadi, cha -le anayo milele. Tungo za pwani zimeyabadilishana maneno haya kwa karne kadhaa na hakuna msomaji aliyelalamika. Ikiwa wenye lugha wenyewe waliyaona sawa, mtunga kamusi atayatenga kwa mamlaka gani?

Anayemjibu ni mwalimu wa sarufi, ambaye haji na historia. Anakuja na chaki. Anaandika ubaoni: "Juma huchelewa siku zote." Hakuna anayepinga. Chini yake: "Juma huchelewa daima." Hakuna anayepinga. Chini yake tena: "Juma huchelewa milele." Darasa zima linacheka, na kicheko cha wenye lugha ni kipimo kinachoaminika kuliko kamusi. Kiambishi hu- ni cha mazoea, na mazoea huhesabika: Jumatatu kachelewa, Jumanne kachelewa, Jumatano ilikuwa sikukuu. Daima na siku zote zinakubali mapengo ya namna hiyo, maana zinasema "kila inapotokea". Milele haikubali pengo. Haihesabu matukio, inaelekea mbele kama mstari usionyanyua kalamu. Ndiyo maana hukaa vizuri na kiambishi -ta-, na "sitakusahau milele" haichekeshi mtu.

Kisha mwalimu anaandika sentensi ya nne, ambayo kwa kweli ndiyo inayomwangusha mtunga kamusi: "Mkutano ulidumu saa tatu." Hakuna anayecheka. "Ndoa yao ilidumu miezi sita." Hakuna anayecheka, au akicheka ni kwa sababu nyingine. Kitenzi ambacho kamusi inakipa maana ya kuendelea bila kukoma kinapokea kipimo cha saa tatu bila kununa. Jaribu kusema mkutano ulikuwa wa milele kwa saa tatu, sentensi inavunjika. Kwa hiyo -dumu ina swali ndani yake ambalo milele haina, nalo ni: kwa muda gani? Mtunga kamusi anaweza kujitetea kwamba maana ni mbili, kudumu kwa kipimo na kudumu bila kipimo, na kwamba kamusi nzuri huzitenganisha kwa namba. Ni kweli. Ila mjadala wote unaofuata ni wa watu waliosikia moja wakadhani nyingine.

(Mwalimu hukumbusha pia kwamba dumu la maji au la mafuta ya taa ni neno jingine, lenye kidahizo chake. Hilo halijawazuia watani kulinganisha "Kidumu chama!" ya jukwaani na kidumu cha lita tano. Inayochekesha zaidi ni kwamba kati ya vyote viwili, plastiki ndiyo yenye uhakika wa kuwapo baada ya miaka mia.)

Mwanazuoni wa Kiislamu anaingia kwa kulalamika kwamba hata mwalimu amegawa kidogo mno. Elimu ya tauhidi, anasema, ilikwisha kuyapanga haya zamani. Azali ni kutokuwa na mwanzo, abadi ni kutokuwa na mwisho, na sarmadi ni yote mawili pamoja. Mwenyezi Mungu ni Kadimu, asiyetanguliwa na kitu, na ni Baki, asiyekoma. Watu wa peponi wanayo abadi, lakini hawana azali, kwani walizaliwa na siku zao zinajulikana. Mtu anayesema "milele" kwa Mungu na "milele" kwa mja ametumia chombo kimoja kupimia maji ya bahari na ya kisima.

Mfasiri wa Biblia anamsikiliza mpaka mwisho, maana ni adabu, kisha anasema milele imeubeba mzigo huo na haikuvunjika. Katika Tafsiri ya Union ya 1952, Zaburi ya 90 inaitumia milele kwa pande zote mbili, nyuma na mbele, na hakuna muumini aliyewahi kushindwa kuelewa. Anakiri jambo moja kinyume chake mwenyewe. Tafsiri hiyo hiyo, mwishoni mwa Injili ya Mathayo, inatumia dahari, neno ambalo kamusi inaliweka pamoja na daima. Lakini pale dahari ina ukamilifu, yaani inafika mwisho. Sababu iko katika Kigiriki. Neno aion lilitaja zama, kipindi kirefu chenye kingo, na pia lilitaja umilele, na wafasiri wa lugha zote wamelazimika kuamua ni lipi kati ya hayo mawili lililomo katika kila mstari. Waliochagua dahari hapo walichagua zama.

Mwanazuoni anatabasamu, kwa kuwa upande wake nako mambo si shwari kama alivyoyapanga. Kurani inawataja watu wa Peponi na wa Motoni kuwa ni wenye kukaa humo kwa hali inayoitwa khulud, na katika baadhi ya aya neno abadan linaongezwa juu yake. Swali linajileta lenyewe: ikiwa khulud peke yake ni kutokwisha, abadan imeongezwa ya nini? Jibu la wengi ni kwamba ni mkazo. Wengine wameona kwamba khulud, kwa asili ya lugha, ni ukaaji mrefu, na mkazo ndio unaoufanya usiwe na mwisho. Tofauti hiyo si mchezo wa maneno. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, aliyefariki 1350, walijadili iwapo adhabu ya Moto ina kikomo, na Taqi al-Din al-Subki, aliyefariki 1355, akaandika risala ya kupinga kwamba unaweza kuisha.

Kwa msomaji wa Zanzibar suala hili lina sura ya mtaani. Masunni wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi visiwani, hushika kwamba Mwislamu aliyekufa na dhambi kubwa bila toba akiingia Motoni hatimaye atatolewa. Ibadhi, madhehebu ya watawala waliotoka Oman, hushika kwamba khulud ni khulud: aliyekufa hivyo hatoki. Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, Mufti wa Oman aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1942, alilifanya suala hilo kuwa moja kati ya matatu aliyoyatetea katika kitabu chake al-Haqq al-Damigh. Hapo mtu mmoja anauliza neno lina urefu gani, na jibu linamhusu yeye mwenyewe. Wafasiri wa Kurani kwa Kiswahili, kuanzia Godfrey Dale mwaka 1923 hadi Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye tafsiri yake ilikamilika 1969, wote walikuta njia panda ile ile, maana Kiswahili kinawapa "watadumu" na kinawapa "watakaa milele". Baada ya sentensi ya mwalimu kuhusu mkutano wa saa tatu, inaonekana wazi kwamba hizo si sawa.

Katikati ya uzito huo mhariri wa gazeti anaomba nafasi, na mwanazuoni na mfasiri wanamgeukia kwa pamoja, kwani wote wawili wana kesi naye. Ukurasa wake wa misiba huandika kila wiki kwamba marehemu amepumzishwa "katika nyumba yake ya milele". Mwanazuoni anasema kaburi si la milele kwa yeyote. Ni barzakhi, kituo cha kungoja Kiama. Mfasiri anasema Mkristo naye anangoja ufufuo, kwa hiyo nyumba ya milele haiwezi kuwa futi sita za udongo. Dini mbili zinazogombania maneno mengi zimekubaliana hapa kwamba gazeti limekosea.

"Shekhe wangu, nawe baba," anajibu mhariri, "gazeti si msahafu." Utetezi wake ni kwamba hiyo ni tafsida. Mfiwa hasomi ukurasa wa misiba kutafuta itikadi. Anatafuta neno lisilomchoma. "Amezikwa" linachoma. "Nyumba ya milele" linampa marehemu paa. Na kwa hakika lugha imejaa milele za aina hiyo, usingizi wa milele, pumziko la milele, ambazo hazikusudii kupima wakati. Zinakusudia kufunga mlango taratibu. Upinzani wa mwanazuoni ni sahihi kwa hoja na hautashinda kwa matumizi.

Kati ya maneno ya orodha, abadi imepatwa na jambo ambalo mengine yote yamelikwepa. Ikiwa abadan, hutumika zaidi kwenye ukanushaji, na mara nyingi peke yake: mtu akiulizwa kama atakwenda, hujibu "Abadan!", maana yake hatakwenda kamwe. Katika Kiarabu pia neno hilo likiwa na kikanushi lina maana ya kamwe, lakini katika mazungumzo ya pwani kikanushi kimedondoka na neno la kutokwisha likabaki kuwa neno la kutoanza.

Muuguzi wa kliniki ya uzazi wa mpango amenyamaza muda wote. Anapopewa zamu, anasema kwamba kazini kwake mjadala huu huishia kwenye fomu ya ridhaa. Njia zimegawanywa kwa maneno ya wakati. Kuna za muda mfupi: vidonge, sindano, kondomu. Kuna za muda mrefu: kijiti, kinachokaa chini ya ngozi ya mkono miaka mitatu hadi mitano kulingana na aina, na kitanzi, ambacho kile cha shaba huweza kukaa miaka kumi na zaidi. Kisha kuna njia za kudumu: kufunga kizazi kwa mama au kwa baba. Mpangilio ni safi kwenye bango la ukutani. Tatizo linaanza mtu anapoketi.

Mama ana watoto wanne, amechoka na sindano ya kila miezi mitatu, amechoka na nauli ya kuifuata. Anasema: "Sista, mimi nataka ile ya kudumu." Kwa Kiswahili chake hajakosea. Kudumu, kama mkutano ulivyodumu saa tatu, ni kukaa kwa muda wa kuridhisha. Anachotaka ni kitu kisichomrudisha kliniki kila mara. Kwa Kiswahili cha bango, ameomba operesheni. Muuguzi mzoefu haandiki kitu hapo. Anauliza: "Kudumu kwa muda gani, mama?" Jibu likiwa "hata miaka mitano", mazungumzo yanahamia kwenye kijiti. Jibu likiwa "nimemaliza", bado muuguzi haliamini neno lolote la orodha, si kudumu, si daima, si milele. Anaweka kando msamiati wote na kutumia kitenzi: "Ukifanya hii, hutazaa tena. Hata huyu mdogo akiondoka, hata ukiolewa upya. Hutazaa tena." Mwalimu wa sarufi anakiri kwamba hakuna fasili katika mjadala huu iliyo bora kuliko hiyo.

Baada ya muuguzi inakuwa rahisi kuona kudumu inavyofanya kazi kwingine. Mtoto ana meno 20 ya utoto, kisha anaota ya kudumu, ambayo yakitimia ni 32. Ya kudumu ndiyo yanayotoboka na kung'olewa, lakini yanaitwa ya kudumu kwa sababu hayana yatakayokuja nyuma yake. Mkulima ana mazao ya msimu, mahindi na maharage, na ana mazao ya kudumu: mikarafuu, minazi, mikorosho, kahawa. Jiografia ina mito ya msimu na mito ya kudumu. Ruaha Mkuu ulikuwa wa kudumu, lakini tangu 1993 hukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa sehemu kubwa kutokana na maji yanayochepushwa kumwagilia mpunga kule Usangu. Hapo neno lilibaki kitabuni, mto ukaondoka.

Mtumishi wa umma Tanzania aliye kwenye ajira ya kudumu na malipo ya uzeeni hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Hakuna anayeona kinyume chochote, maana kudumu pale inapingana na mkataba na kibarua, haipingani na uzee. Hali kadhalika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lililotumika Tanzania kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa 2005. Daftari hilo huboreshwa na kuboreshwa tena: waliofikisha miaka 18 wanaingizwa, waliofariki wanaondolewa, waliohama wanahamishiwa taarifa zao. Kinachodumu ni daftari. Majina ni wapita njia. Kabla yake orodha iliandaliwa upya kwa kila uchaguzi, na jina hilo lilizaliwa kwa kulinganishwa na utaratibu huo wa zamani.

Mfano baada ya mfano, -a kudumu inaonekana na mwenzake pembeni: ya utoto, ya msimu, ya muda, ya mkataba. Anayetaka kujua kudumu ni kwa muda gani atafute kwanza mwenzake ni nani. Milele haina mwenzake. Hakuna meno ya milele wala mto wa milele, wala ofisi ya serikali iliyowahi kutangaza nafasi ya kazi ya milele. Katika mjadala mzima hii ndiyo tofauti iliyo imara zaidi, na haimo katika kamusi kwa sababu kamusi hutazama neno moja moja, nayo imo katika majozi.

Mwanasheria anapinga. Sheria, anasema, ina milele yake halisi, na inaitwa wakfu. Mwenye mali anaizuia isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, na mapato yake yaende kwa msikiti, maskini, kisima, au kizazi chake. Wakfu wa muda, kwa wanafiqhi wengi, si wakfu. Kutokwisha ni sharti. Pwani ya Afrika Mashariki ilijaa nyumba, mashamba ya minazi na maduka yaliyofungwa kwa namna hiyo.

Kisha akaja hakimu wa Kiingereza, ambaye sheria yake humfundisha kuiogopa milele. Kanuni ya zamani ya Uingereza hairuhusu mali kufungwa zaidi ya uhai wa mtu aliye hai sasa na miaka 21 juu yake. Wakfu uliokusudiwa watoto, wajukuu na vitukuu, na maskini pale tu ukoo utakapokatika, ulimkwaza. Mwaka 1894, katika shauri lililotoka India, baraza la Malkia wa Uingereza mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, liliamua kwamba wakfu wa aina hiyo haukuwa halali: haki ya maskini ilikuwa imesogezwa mbali mno hata ikawa kivuli. India ikatunga sheria ya kuuhalalisha mwaka 1913. Afrika Mashariki ilichelewa. Hukumu iliyochapishwa katika ripoti za 1952 iliutumia msimamo ule ule wa 1894 kwa wakfu wa familia moja ya huku. Kenya nayo ilikuwa imetunga sheria yake ya makamishna wa wakfu mwaka 1951.

Mwanazuoni anasema hakimu aliuliza swali la mwalimu wa sarufi mahali pasipohusika. Aliuliza maskini watafikiwa lini, kana kwamba milele ni foleni. Kwa mwenye kuweka wakfu, kuwalisha jamaa zake pia ni sadaka, na mali ilitoka mkononi mwake siku ile ile. Mwanasheria hana jibu la hilo, au analo ila si la lugha.

Anajibu kwa namba. Walowezi wa Kenya nao walitaka milele, na sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa kwa tarakimu: ukodishaji ulirefushwa kutoka miaka 99 hadi 999. Mkataba wa 1915 ungeisha 2914. Ni milele iliyofanyiwa hesabu, na kwa mwanasheria hiyo ndiyo tamu yake, kwani chenye tarakimu kinaweza kupunguzwa. Katiba ya Kenya ya 2010 iliamua kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99, na miliki zake zilizozidi hapo zikashushwa. Miaka 999 ilidumu 95. Tanganyika ilichukua njia fupi: mwaka 1963 umiliki wa ardhi usio na ukomo ulifutwa na kugeuzwa kuwa wa miaka 99, na hati za Tanzania hadi leo ni za miaka 33, 66 au 99. Mwenye hati ya 99 husema nyumba ni yake "moja kwa moja", na benki inaikubali hati hiyo. Miaka 99 ni kipimo cha mtu asiyetarajia kuwapo siku ya kuhesabu.

Kuna neno moja la sheria ambalo lugha imelichagua kwa uangalifu. Mhalifu hahukumiwi kifungo cha milele wala cha kudumu. Anahukumiwa kifungo cha maisha. Maisha ina ukingo unaojulikana na wote, na ni wa mfungwa mwenyewe, si wa gereza.

Siasa inapita haraka, lakini ina somo la sarufi. "Zidumu fikra za Mwenyekiti," ilisemwa Tanzania wakati wa Mwalimu Nyerere, na "Kidumu Chama cha Mapinduzi" inasemwa mpaka sasa. Vitenzi hivyo viko katika hali ya dhamira, ni dua. Anayeomba kitu kidumu amekiri kwamba kinaweza kutodumu. Zanzibar, kila Januari 12, husema "Mapinduzi daima", na hapo kitenzi hakipo kabisa, wala nafasi ya shaka. Mwanamuziki Eric Wainaina naye, alipoandika wimbo wa kujitambulisha kama Mkenya, aliuita Daima. Uraia wa mtu ni kitu cha kila siku, kinachorudiwa kila anapoulizwa anatoka wapi, na kwa kipimo cha ubaoni ni daima hasa ndiyo inayofaa.

Neno jipya kabisa katika orodha limeletwa na kemia, nalo limewarudisha wote mezani. Kuna jamii ya kemikali zinazojulikana kwa herufi PFAS. Msingi wake ni kifungo cha kaboni na florini, mojawapo ya vifungo vigumu kuvunjika katika kemia nzima. Ya kwanza kupata umaarufu ilikuwa Teflon, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1938 na ambayo hupakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Nyingine zimo katika nguo zisizopenywa na maji na povu la kuzimia moto. Zikishafika kwenye maji na udongo, haziozi kwa njia zilizozoeleka. Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zisizooza, uliziingiza mbili za jamii hiyo katika orodha yake: PFOS mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019. Mwaka 2018 Joseph Allen, mtaalamu wa afya wa Marekani, alizipa katika makala ya gazeti jina la Kiingereza ambalo maneno yake mawili yanaanza kwa F na C, alama za florini na kaboni. Lilipofika kwenye redio za Kiswahili likawa "kemikali za milele", na mchezo wa herufi ukabaki ng'ambo.

Mwanazuoni hataki. Milele ni ya Mwenyezi Mungu na ya aliyemjalia. Kupewa kikaango ni kupita mpaka. Mwanasheria anapendekeza "kemikali za kudumu", lakini mwalimu anamuuliza mwenzake ni nani, na meza inakaa kimya. Hakuna kemikali za msimu. Muuguzi anatoa neno ambalo halikuwa katika orodha tangu mwanzo: sugu. Kuna malaria sugu, kuna deni sugu, kuna vijidudu sugu. Msikilizaji wa kijijini analijua, na halimpi kemikali umri, linampa ukaidi, jambo ambalo ni kweli zaidi, kwani kemikali hizo huvunjika zikichomwa kwa joto kali mno. Mtunga kamusi anaandika pembeni. Mfasiri anaona sugu linatisha kidogo kuliko inavyostahili, kwa sababu mtu huzoea kilicho sugu, akaishi nacho.

Mhariri amekwisha kuinuka, ana ukurasa wa kufunga saa kumi na mbili. Kichwa cha habari kina nafasi ya maneno matatu, na "kemikali za milele" ni matatu kamili, yanayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Atakiweka hicho. Katika aya ya kwanza ataandika kwamba ni kemikali sugu, na katika aya ya pili, kwa kumstahi mwanazuoni, kwamba huweza kubaki katika maji na udongo kwa miaka mingi sana.